Wavu Ulikuwa Mama Mkwe

Usiku wa kuamkia leo niliota nacheza tenisi na mke wangu, na wavu wenyewe ni mama mkwe.

Sisemi alifanana na wavu. Alikuwa wavu. Ametandazwa kutoka nguzo hadi nguzo katikati ya uwanja wa udongo mwekundu, kanga yake imepita juu kama utepe, na macho yapo katikati, yananitazama.

Upande wa pili yuko Wegesa, mke wangu, raketi begani. Wiki ya tatu hii yuko kwao. Makubaliano ni mafupi: nikipata pointi moja tu, anarudi nyumbani. Nikikosa zote, abaki huko huko.

Sasa dhuluma yenyewe nataka ieleweke. Sheria ya tenisi inasema ukigusa wavu, pointi imekwenda. Sawa. Sheria ya kwetu Wakurya inasema mama mkwe hasogelewi, mkono hapewi, ukimwona njiani unapita porini. Halafu raketi yangu ya kuazima inanifokea, "Sogea wavuni!"

"Kule yuko mama mkwe."

"Kwa hiyo voli utaipigia Musoma? Voli ni mpira wa hewani, kabla haujadunda. Sogea, bwana!"

Nasogea hatua mbili, uso nimeugeuza pembeni kwa adabu. Wegesa anapiga. Mpira unanipata tumboni.

"Kumi na tano," mama mkwe anahesabu.

"Samahani, mama. Wavu ndio refa pia?"

"Kwani ng'ombe wangu yuko wapi?"

Mwezi uliopita nilimpigia simu nikabana pua, nikamwambia ameshinda ng'ombe wa maziwa kwenye bahati nasibu. Utani tu! Ningejuaje kwamba atachimbia kigingi, anunue kamba, aite majirani, achemshe chai sufuria nzima ikisubiri maziwa? Mpaka leo majirani wakikutana naye kwenye mashine ya kusaga wanamuuliza, "Ng'ombe hajambo?" Wegesa alipojua ni mimi, akarudi kwao.

Ghafla tuko sebuleni kwake. Hakuna anayeshangaa. Wavu umepita katikati ya makochi, vitambaa vimenyooshwa vizuri. Wegesa anaupiga mpira kwa hasira, unapita juu ya televisheni. Navuta mkono nyuma kabisa, nafyeka hewa, naangusha chupa ya chai.

"Unanipiga au unanipungia?" mpira unauliza ukinipita.

"Usifagie!" raketi inalia. "Mpira wa kasi hauhitaji nguvu zako, unazo zake. Kaza kifundo cha mkono, niweke mbele, zuia. Basi!"

"Thelathini," anasema mama mkwe. "Na chupa ilikuwa mpya."

Uwanja umerudi. Mpira wa tatu unakuja chini, usawa wa vifundo vya miguu. Nainama kiuno.

"Magoti!"

"Kiuno kinatosha."

"Hakitoshi. Ndiyo maana hata chuo uliishia mwaka wa pili. Ukifika penye kupiga magoti, wewe unasimama wima."

Mpira ukapita. Raketi ya kuazima inanisema habari za chuo! Mbele ya wakwe!

"Arobaini," anasema mama mkwe.

Imebaki moja. Wegesa hanitazami. Anaugusa mpira taratibu, kama anayegonga mlango asiotaka ufunguliwe, nao unadondoka upande wangu, karibu kabisa na miguu ya mama yake. Nakimbia. Magoti yote mawili chini kwenye udongo. Kati yangu na mama mkwe hakuna shubiri. Sipumui, sifagii. Nafungua uso wa raketi uangalie juu, nakaza mkono, nazuia.

Mpira unapanda polepole. Unafika juu ya kanga. Unakaa hapo.

"Mama, mbona hauanguki?"

"Nafikiria upande."

"Hii si haki! Wavu haufikirii!"

"Na siku nne nilizokaa nimeshika kamba mlangoni, ilikuwa haki?"

Magoti yananiuma. Wegesa, upande wa pili, ameshusha raketi. Anasubiri na yeye.

"Mama," nikasema, "ng'ombe hakuwepo. Ni mimi nilibana pua. Nitapita nyumba kwa nyumba nikawaambie ni mimi, wasikucheke tena."

"Utaanza kwa Mama Nyangi. Ana mbwa mkali."

Huyo Mama Nyangi sijawahi hata kumsikia.

"Nitaanza kwake."

Mpira ukatikisika juu ya kanga. Nikaamka, bila kuona umeangukia wapi. Nikakaa kitandani nimenuna. Mtu unapiga voli ya maana mara moja maishani, hata matokeo huonyeshwi!

Simu ikaita. Wegesa. Wiki tatu hajapiga.

"Mama anasema uje Jumamosi unichukue," akasema. "Ila kwanza upite kwa Mama Nyangi."

"Kufanya nini?"

"Sijui, amesema wewe unajua. Na usiogope, mbwa watamfunga."