Sanduku la Jenerali

Mzee Dismasi wa Simbo, Kigoma, hakuwa na hamu na habari za jenerali yeyote. Alikuwa na miaka tisini na nane, meno manne, na wiki moja ya kuthibitisha kwamba si mkimbizi. Amri ilishatoka: kila Mrundi aliyeko vijijini aende kambini, awe ameingia jana au zamani za kale. Jirani mmoja aliyeimezea mate migomba ya mzee alikuwa ameshapeleka jina lake kwa afisa. Mkewe alizikwa nyuma ya nyumba ile, na kumwacha pale peke yake kulimtisha mzee kuliko kufa.

Katikati ya hofu hiyo akatokea Mjerumani, Bwana Feliksi, na daftari zake. Alikuwa akiandika maisha ya babu yake, Jenerali Wendhof, na katika shajara ya marehemu alikuta jina la Dismasi. Veneranda, binti wa mzee, nusura amkumbatie. Mungu amewaletea shahidi, tena mwenye maandishi, wa kusema kwamba baba yupo hapa tangu enzi za Mjerumani.

Siku mbili Feliksi alikaa barazani akisimulia makuu ya babu yake. Mwaka 1916 alikuwa luteni hapa Kigoma. Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, naye luteni akaelekea Tabora. "Alirudi nyuma kwa mpangilio mzuri," ndivyo Feliksi alivyoandika. Mzee aliukumbuka sana mpangilio huo. Luteni alitangulia mikono mitupu, na Dismasi nyuma na sanduku kichwani, limejaa buti, mvinyo na beseni la kuogea. Huko Tabora luteni akatekwa, na aliporudi kwao akavishwa nishani.

Vita ya Hitla ilimkuta ameshakuwa jenerali. Akaenda nayo mpaka Urusi, akarudi nyuma tena, kwa mpangilio mzuri, hadi Waamerika wakamtia mbaroni. Yale waliyoyafanya askari wake huko Urusi yalikuwa na ukurasa mmoja tu, na Feliksi aliufunua upesi. Jenerali akafungwa miaka miwili, akala pensheni kwa miaka ishirini, akafa kitandani mwake, na mtaa ukapewa jina lake.

Mzee aliuliza kama ni kweli alishindwa vita zote mbili. Feliksi akajibu kwamba historia ni jambo gumu.

Jumatatu wakaenda wote watatu ofisi ya kijiji. Afisa alisimama, akampa mzee shikamoo yake na kiti. Veneranda akamhimiza shahidi asome. Feliksi akakohoa, akatafsiri neno kwa neno kwa Kiswahili chake cha darasani:

"Machi kumi na nne, 1915. Usumbura. Leo nimeajiri mpagazi, Mrundi, jina Dismasi. Shingo imara."

Veneranda alijishika kichwa. Feliksi bado alikuwa anatabasamu. Afisa alimshukuru kwa moyo wote, maana katika watu mia tatu aliowahoji hakuna aliyeletewa ushahidi safi kama ule, wenye tarehe, mahali na kabila. Feliksi alipozinduka akaanza kueleza kwamba wakati ule Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, na Kigoma zilikuwa koloni moja. Afisa alikubaliana naye kabisa, ila fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hayo. Akauliza sababu ya mzee kuingia nchini.

"Kumbebea luteni sanduku," alisema mzee.

Afisa akafikiri kidogo, akaandika: vita.

"Mwanangu," mzee akasema, "huyo bwana amekimbia vita mara mbili. Yeye mlimwandika kambi gani?"

Afisa akagonga muhuri.

Alhamisi lori lilisimama barabarani. Kila mtu aliruhusiwa mzigo anaoweza kuubeba mwenyewe. Feliksi alikuja kuaga, macho mekundu, akaomba msamaha mara tatu. Mzee alikuwa ametoka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi, na alikuwa amelia bila kujificha. Akamwonyesha Feliksi sanduku lake la mbao, lenye blanketi na sufuria.

"Leo beba wewe," akamwambia.

Feliksi akainama, akalipandisha kichwani, akayumba. Mzee Dismasi akatangulia kuelekea kwenye lori, mikono mitupu, kwa mpangilio mzuri.