Isale Mezani

Hanna alipita mjini kutafuta mapambo ya meza ya Krismasi. Akaonyeshwa maua ya plastiki yaliyopuliziwa theluji ya uongo, akatajiwa bei, akacheka mpaka muuzaji akanuna. Theluji ya nini nyumbani kwake Olasiti, na jua lile? Akaenda zake kwao Maji ya Chai, akarudi na kapu: majani ya masale kutoka mpakani mwa shamba la baba yake, buni nyekundu za mwisho wa msimu, na maganda makavu ya mgomba. Makopo matatu ya maziwa ya unga akayavika maganda, akayajaza mchanga, akachomeka mshumaa katikati na masale kuuzunguka, buni zikaning'inia ukingoni. Hata Abdiel, mumewe, ambaye mezani huona chakula tu, alisimama akatazama.

Ilibidi meza ipendeze. Mwaka huu mama mkwe alikuwa mjini akitibiwa goti, akikaa kwa binti yake Vaileth, kwa hiyo ukoo haukupanda kijijini kwao Machame. Krismasi ikawa kwa Abdiel, mtoto wa kwanza. Kabla ya hapo mama alikaa miezi miwili kwa Hanna. Hanna alimwogesha, alimkanda goti, alimpikia mtori wa ndizi kila asubuhi. Mama alipohamia kwa Vaileth tu, habari zikaenea: Hanna alikuwa akimlisha mama viporo. Aliyesema ni Vaileth. Mama akaulizwa, akanyamaza. Wanasema tenda wema nenda zako. Hanna alikwenda zake, matusi yakamfuata. Sasa alitaka kitu kimoja tu, mtu aseme mbele ya ukoo kwamba ule ni uongo.

Wageni walikuwa wameshaketi, mama mkwe kati yao, Vaileth alipoingia. Akaamkia wakubwa, kisha macho yakatua mezani.

"Isale!" alisema. "Mama, umeona? Wifi ametuwekea isale." Akamkumbatia Hanna kwa nguvu. "Yameisha, wifi. Isale halikataliwi. Tumekusamehe."

Tumekusamehe! Damu ilimpanda Hanna kichwani. Asamehewe nini, mtori? Kwa mila zao, anayeomba radhi hulifunga isale fundo, akalibeba mkononi mpaka kwa aliyemkosea, na mzee wa kumsemea. Tangu lini mtu akaomba radhi kwa kopo la maziwa na mshumaa? Vaileth, mtoto wa Machame, aliyajua hayo vizuri. Alikuwa ameona njia ya mkato tu: Hanna akikubali kusamehewa, amekiri. Na wajomba walishaanza kupiga makofi.

"Hayo ni mapambo, wifi," Hanna alisema.

"Ah, usione aibu. Ni sikukuu."

"Mama Derick, acha tu," Abdiel alimnong'oneza mkewe. "Tule."

Acha tu! Miezi yote hii ameacha tu, na amepata nini? Hanna akachomoa jani la isale, akalifunga fundo, akaliweka kwenye sahani tupu ya Vaileth.

"Mimi sina kosa. Mama hajala kiporo katika nyumba hii hata siku moja, na wewe unajua. Kama unataka yaishe leo, isale hilo hapo. Lichukue uniletee."

Makofi yakakoma. Vaileth akacheka kidogo, akawatazama wajomba mmoja mmoja akitafuta wa kucheka naye. Jani hakuligusa.

Aliyeligusa ni mama mkwe. Aliinuka kwa fimbo, akalichukua, akazunguka meza nzima na goti lake lile mpaka alipokuwa Hanna.

"Mwanangu," alisema, na wote wakamsikia, "nilikula mtori wa moto, kila siku. Nilipoulizwa, nilikuwa nimeshahamia kwa Vaileth. Niliogopa kumwaibisha nikiwa chini ya paa lake, nikakuacha wewe uaibike." Akaegemeza fimbo kwenye kiti, akanyoosha isale kwa mikono miwili.

Hanna alitaka kukataa. Alikuwa na mengi ya kumwambia mama huyu, na hasira haikuwa imepoa hata chembe. Lakini isale ni isale, na kikongwe alikuwa akitetemeka amesimama. Akalipokea.

"La kwako nimepokea, mama," alisema.

Kisha akachomoa jani la pili, akalifunga fundo, akaliweka kwenye sahani ya Vaileth.