Mtaa Ulioambiwa Mtupu

Adhuhuri, Mbeyu amekaa katikati ya ukumbi wa maonyesho, spika zimemzunguka pande zote, hata darini, na filamu ya Sudi inapita ukutani bila sauti. Sudi ni msanifu majengo. Mtaa wa zamani unaoonekana ukutani, wenye roshani za mbao, anataka uvunjwe ajenge wake. Kazi ya Mbeyu ni kuitilia filamu sauti, mtazamaji ajione yumo ndani. Mtaa ni mtupu, Sudi alimwambia, wenyewe walihama kitambo, we weka upepo tu. Mbona basi kwenye picha kuna kanga kambani inachuruzika maji? Mbeyu anaikazia macho ile kanga, kope zinamwelemea, anafumba kidogo tu, na anaponyoosha mguu anakanyaga ngazi.

Ngazi inapanda, inakata kona, inashuka, inamtoa mtaani, na mtaa unamtoa kwenye mtaa mwingine kama ule ule, ila kushoto kumekuwa kulia, na kila aendako upepo unamfuata, upepo wake mwenyewe aliourekodi asubuhi kwa shuka na feni, naye hauamini. Mbele yake anatembea mtu wa kanzu. Anapogeuka hana uso, ni ngozi laini tu kama plasta mbichi, na sauti yake inatokea nyuma ya Mbeyu. Karibu, hapa hapakai mtu. Mbeyu anauliza, nani basi anakohoa humo ndani? Anakohoa yule asiyekuwepo. Na anayetwanga? Kinu kinatwanga kimya chake. Na hiki kitunguu kinachokaangwa? Yule anaongeza mwendo, na Mbeyu anaanza kushuku kwamba haongozwi, anatolewa. Anamwacha aende, anasukuma mlango ulio karibu. Ndani, bibi mwenye uso wake kamili amekalia mbuzi, anakuna nazi. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, ndiwe unayetufunika kwa upepo? Mbeyu anaona haya. Niliambiwa hamko, bibi. Na sisi tumeambiwa tuhame, na pa kwenda hatuna. Hebu nyamaza usikie. Mbeyu anatega sikio. Juu mtoto anakimbia, uani maji yanamwagwa, nyuma ya ukuta mtu anaita njoo ule, njoo ule, sauti inasogea, inageuka, inaita Mbeyu, Mbeyu.

Ni Sudi, kamshika bega. Wageni wako nje, sauti tayari? Mbeyu anatazama kompyuta. Chini ya mstari wa upepo kuna sauti nyingine zimepangwa, kikohozi, kinu, mtoto anayekimbia, na hakumbuki kuziweka. Anauliza, Sudi, wale watu watahamia wapi? Sudi haulizi watu gani. Anatazama mlango, anasema polepole, nani kakwambia? Mbeyu hana hakika kama ameamka. Anaufuta upepo, anafungulia spika zote. Milango inafunguliwa, na wageni wa kwanza wanasita kizingitini, wanavua viatu, wanapiga hodi.