Hori Lililotandikwa

Mama mkwe ni fundi cherehani. Kila Majilio huweka hori dogo la mbao pembeni mwa cherehani yake, likae tupu mpaka Krismasi. Mimi kitu kitupu kinanikera. Jumapili ya kwanza nilimtoa mtoto Yesu wa udongo kwenye droo ya vifungo, nikamlaza horini. Mama akamrudisha. Nikamlaza tena, akamrudisha tena.

"Mama, kwani pale anamsumbua nani?" nikauliza, nimekunja uso.

"Hajazaliwa, mwanangu. Kwa sasa tunamtandikia tu."

Nikanuna, nikajinyoosha kwenye kochi. Cherehani ikaunguruma kwa mbali, mpaka chumba kizima kikawa kinaelea ndani ya kitambaa cha zambarau, nami nikielea nacho, nikipumua kwa zamu na mtu nisiyemwona.

Nilipoamka, hori lilikuwa na shuka la zambarau, dogo kama kiganja. Juu ya cherehani palikuwa na jingine la kitambaa hicho hicho, la kumtosha mtoto wa kweli.

Nilikuwa sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Nikachungulia droo. Mtoto wa udongo alikuwa amelala katikati ya vifungo. Nikaifunga taratibu, nisimwamshe.