Ukurasa wa Bluu

Ukurasa wa bluu ulitokea kwenye skrini, na Profesa akabonyeza Enta kabla hata haujatulia. Ikaja orodha fupi ya maandishi. Akabonyeza Enta tena, kompyuta ikaendelea kuwaka, naye akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kazi.

Hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa fundi kompyuta wa mtaani kwa miaka ishirini, na jina hilo alibandikwa na wateja kwa sababu alikuwa na jibu la kila kitu, hata mambo ambayo hakuulizwa. Kanuni yake aliitangaza kila alikokwenda: maandishi usiyoyaelewa, piga Enta, songa mbele. Kusoma ni kwa wenye nafasi.

Siku hiyo, Ijumaa, alikuwa ofisini kwa Mchoraji, mama anayechora ramani za nyumba akisaidiwa na vijana wawili. Kompyuta yake ilitumia mfumo wa Linux, na ramani zilikuwa zimeizidi nguvu. Ukitaka kuizungusha nyumba uione kwa nyuma, ilijikongoja kama bibi anayepanda ngazi. Ndipo Mchoraji alipomtuma mdogo wake wa kiume akanunue kadi ya grafiksi, kifaa cha kuipa kompyuta nguvu ya picha, na Profesa akaitwa aje aichomeke na kuiwekea draiva, programu ya kuiendesha, ile inayotolewa na kiwanda kilichoitengeneza.

Aliiweka draiva mara tatu. Kila mara ilimtaka abuni neno la siri, naye akaandika moja mpaka nane bila kujiuliza ni la nini. Kila mara kompyuta ilizimika, ikawaka, ukurasa wa bluu, Enta, Enta. Na kila mara nyumba ilijikongoja vilevile.

"Hii kadi imekufa," alisema hatimaye.

Mdogo wake Mchoraji, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, alikuwa amesimama mlangoni. "Haiwezekani, Profesa. Dukani waliijaribu mbele ya macho yangu."

Neno moja tu lingetosha hapo: sijui. Lakini wale vijana wawili walikuwa wameacha kuchora wakimtazama, na Profesa hakuwa na mazoea na neno hilo.

"Ndugu yangu, kitu hiki hakikununuliwa, kimeokotwa. Mimi na vyuma hivi tumezeeka pamoja, usinidanganye."

"Risiti hii hapa."

"Risiti hata mimi naweza kukuandikia sasa hivi."

Wote mle walijua kwamba zamani, enzi za ulevi wake, mdogo huyo wa Mchoraji aliwahi kuuza simu ya dada yake. Tangu aache ilikuwa inaenda miaka minne. Alikuwa anaishi chumba cha uani kwa dada, anafanya kazi, na dada alikuwa ameanza tena kumtuma vitu.

Mchoraji alimgeukia mdogo wake. "Kumbe hujaacha," akasema.

Jioni ile mdogo mtu alihama na begi moja.

"Katupe," Mchoraji alimwambia Profesa kuhusu kadi. Lakini fundi hatupi kitu. Akaitia mkobani, akaenda nayo nyumbani, na wakati wa chakula akamsimulia mke wake kisa kizima huku akicheka.

Jumapili asubuhi aliitoa ili aing'oe feni. Kabla ya kuing'oa, kwa mazoea tu ya mkono, aliichomeka kwenye kompyuta yake kuukuu na kuiwekea draiva ileile. Hakukutokea ukurasa wa bluu wowote. Feni ilizunguka, picha ikaja safi, laini, bila kukwama hata kidogo.

Mke wake alikuwa akikunja nguo kitandani. "Si ulisema imekufa?"

"Nilisema."

"Na yule uliyemwita mwizi?"

"Sikumwita mwizi."

"Ulimwitaje?"

Profesa alichukua simu, akatafuta maelekezo ya draiva ile, akayasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Kumbe mashine za siku hizi hazipokei draiva ya nje hivihivi, mpaka mwenye mashine aidhamini. Ukurasa wa bluu ndio unaouliza. Unachagua mstari wa pili, unaandika lile neno la siri, basi, mgeni amepokelewa. Mstari wa kwanza, ule unaochaguliwa ukipiga Enta tu, maana yake ni endelea bila yeye. Mara tatu mashine iliuliza, na mara tatu yeye mwenyewe ndiye aliyekataa.

Aibu ilimpanda kutoka shingoni. Aliikumbuka ile risiti, jinsi ilivyokuwa imekunjwa vizuri mara nne, mkononi mwa mtu aliyejua kwamba siku moja ataulizwa.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Mchoraji, na njiani alishona uongo wake vizuri: nimeichokonoa kidogo, imepata nafuu. Hakuna ambaye angejua. Aliichomeka kadi, akaweka draiva, akawasha upya. Ukurasa wa bluu ulipotokea alitoa mikono kwenye kibodi, akausoma wote. Mstari wa pili. Moja mpaka nane.

Nyumba ikazunguka. Ikaonyesha mlango, ubavu, uani, ikarudi mlangoni, nyepesi kabisa. Vijana wakapiga makofi.

"Profesa! Umefufua maiti!"

"Ni mkono tu, mama," alisema, na akajisikia alivyosema. Alijichukia.

"Yaani mtu analeta mzoga, wewe unaupa uhai." Mchoraji alisema hivyo bila furaha. Alivua miwani, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Tangu Ijumaa hata sijui analala wapi."

"Haikuwa imekufa," alisema Profesa.

"Nini?"

"Kadi. Ilikuwa nzima toka dukani. Ni mimi. Kuna mahali panataka kusomwa, mimi sikusoma. Nilipiga Enta."

Akajaribu kueleza habari za ukurasa na neno la siri, akachanganya, akarudia, jasho likimtoka. Kijana mmoja alianza kucheka, akaona uso wa bosi wake, akaacha.

"Kwa hiyo nimemfukuza mdogo wangu kwa ajili ya Enta?"

"Kwa ajili yangu, mama."

Alidhani atatukanwa, na alitamani atukanwe. Mchoraji alimsukumia simu juu ya meza. "Mpigie wewe. Mimi nitaanza na uso gani?"

Profesa alitafuta namba, akapiga, akafungua spika. Waliosikia lile la Ijumaa walikuwa wote mle ndani. Na hili walisikie. Simu iliita mara mbili tu.

"Dada?" Sauti ilikuja haraka, kama ya mtu aliyekuwa amekaa na simu mkononi.

"Si dada. Ni mimi, fundi wa kompyuta. Niko hapa ofisini na wote wananisikia. Kadi yako ni nzima. Uliinunua, na risiti yako ni ya kweli. Nilikosea mimi, nikakusingizia mbele za watu. Naomba unisamehe."

Simu haikukatwa. Kwa mbali ilisikika sauti ya mtu akiburuta kitanda au meza, kisha hata hiyo ikakoma.

"Dada yupo hapo?" sauti ikauliza, taratibu.

Mchoraji alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili, kana kwamba kule anaonekana.