Mwangwi wa Korongoni

Hashimu Mbaruku hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa miaka miwili alikaa katika chumba kidogo cha chuo, Dodoma, akisoma mawimbi ya rada yaliyorushwa na chombo kinachoizunguka Mirihi, na sasa alikuwa na hakika: mwangwi mkali uliorudi kutoka chini ya barafu ya sayari ile ulikuwa mwangwi wa maji. Makala yake ilikuwa tayari, na jarida lilikuwa likiingoja Jumatatu. Msimamizi wake, Dkt. Gladness, alikataa kuidhinisha mpaka hesabu zile zijaribiwe mahali ambapo mtu anaweza kuchimba akaona.

Basi Hashimu akaenda kwao, Kondoa, na rada ya kupimia ardhi, chombo cha kusukumwa mfano wa toroli. Akaipitisha mara sita juu ya mchanga wa korongo lililo chini ya nyumba ya shangazi yake, Bi. Mwanne, mfinyanzi wa vyungu. Kutoka kina cha mita tatu mwangwi ulirudi mkali, hauna tofauti na ule wa Mirihi. Katika shule ya bweni alikolelewa walimfunza kwamba jibu huandikwa kwa wino kabla ya kusahihishwa. Akaandika: Maji, mita tatu. Akatia sahihi.

Habari haikuhitaji mpiga mbiu. Asubuhi ya pili wanaume kumi na wawili walikuwa korongoni na majembe na sururu, wameacha mtama wao uwanjani haujapurwa. Hashimu aliwaeleza kwamba lile lilikuwa jaribio tu la hesabu zake za Mirihi. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaanza kuchimba. Hamidu, aliyewaongoza, alitaka kujua kama mashine ilikuwa imeyaonja pia hayo maji, au chumvi wangeikuta wenyewe. Bi. Mwanne alikaa ukingoni akichambua kunde, kimya, na ukimya haukuwa tabia yake.

Alasiri sururu ya Hamidu ilizama katika kitu laini. Akainua bonge la kijivu, zito, lenye unyevu. Wakaongeza mita nzima, na bado ulikuwa udongo ule ule. Maji hayakuwapo.

"Huo ndio wa vyungu vyangu," akasema Bi. Mwanne. "Nauchota pale kwenye kona tangu hujazaliwa."

Hashimu akamwuliza kwa nini hakusema mapema.

"Mchimba kisima haambiwi la kumkatisha tamaa jembe likishashika kazi. Neno la kisirani hukausha maji. Hulijui hilo, baba, au bweni limekusahaulisha?"

Watu wakacheka. Alilijua tangu utotoni. Siku nzima ya jana, kabla halijainuliwa jembe hata moja, alipita mlangoni pa shangazi yake akisukuma mashine, na hakumwuliza chochote.

Hamidu, kwa huruma, alisema kwamba udongo nao una maji ndani yake. Ukiukamua utatoka jasho, kwa hiyo msomi hakukosea sana. Wengine wakaitikia. Hashimu alilitazama lile bonge. Picha moja ya unyevu ule ingetosha kumridhisha Dkt. Gladness, na makala ingekwenda.

"Hapa umechimbiwa," Bi. Mwanne akasema, akipepeta kunde zake. "Huko juu nani atakuchimbia?"

Hashimu akapanda mlimani mpaka mtandao uliposhika, akampigia msimamizi wake. Alimweleza bila kupunguza neno kwamba hesabu zake hazijui kutofautisha maji na udongo wa mfinyanzi, na kwamba makala isiende. Dkt. Gladness alimkumbusha kwamba hiyo ni kazi ya mwaka mwingine mzima, pengine zaidi.

"Najua," akajibu. "Iondoe."

Akateremka, akawaomba radhi wale wanaume mmoja mmoja, kwa majina. Kesho yake, bila kuombwa, alikuwa uwanjani kwa Hamidu na fimbo ya kupuria, akipura mtama vibaya, kutwa nzima.