Shemeji Alipotukuta Mkahawani

Aliketi kabla hatujamkaribisha. Alivuta kigoda karibu na goti la dada yangu, akachukua kijiko, akaanza kuikoroga kahawa ya dada polepole, mpaka maziwa mazito yaliyokuwa yamelala chini ya glasi yakapanda na kuumeza weusi wote. Kisha akaisogeza mbele ya dada, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Kunywa, mke wangu. Barafu inayeyuka."

Dada Thoa akanywa.

Tulikuwa ghorofa ya tano ya lile jengo kuukuu la katikati ya Saigon ambalo karibu kila chumba chake kimegeuzwa mkahawa. Chini yetu watoto walikuwa wakiteleza kwa viatu vya magurudumu, na kelele zao zilipanda hadi kibarazani zikiwa nyembamba kama za ndege. Ngazi ya kushukia ilikuwa moja tu, yenye giza, na shemeji Quyen alikuwa ameketi kati yetu na mlango.

"Ut," aliniambia huku akitabasamu, "umenawiri. Mji umekukubali."

"Asante, shemeji."

Dada alikuwa amekuja kwangu mwezi mmoja kabla ya hapo, kwa basi la alfajiri kutoka Long Xuyen, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi kooni ilhali jua lilikuwa la kukausha mate. Nilipokuwa namwosha nywele, kola ilijikunja, nikaiona alama ya pasi chini ya mtulinga wake: pembe tatu, ncha ikielekea shingoni. Sikuuliza. Naye hakusema. Tangu hapo hakutia mguu nje ya chumba changu. Alifua nguo zangu zilizokwisha fuliwa. Pikipiki ikisimama kichochoroni, alizima feni ili asikilize vizuri zaidi.

Hadi Jumapili ile. "Ut," aliniambia asubuhi, akiwa chali mkekani, "nimechoka kuitazama dari yako. Nitoe." Tukaipanga siku kama watoto wanaotoroka shule: kwanza kahawa ya ghorofani, kisha sokoni kutafuta kitambaa, kisha banh xeo, zile chapati za unga wa mchele zinazokaangwa zikiwa zimejaa kamba na machipukizi ya choroko, ambazo dada alisema hajala za maana tangu aolewe. Njiani alicheka mara mbili. Hadi leo hatujui ni nani aliyemwelekeza mumewe.

"Nipeni simu zenu," alisema Quyen kwa upole. "Leo tuongee kama familia. Hizi simu zinavunja nyumba za watu." Akazipanga mezani kando ya kiberiti chake, halafu akazitia mfukoni. Kisha akasema, kama aliyekumbuka jambo dogo, "Mama yenu hajambo. Lile paa lake linavuja vibaya, nimemwacha Luc analiziba. Yuko juu huko na nyundo, anangoja nimpigie simu."

Luc ni mdogo wake. Nilimjua Luc. Aliwahi kumvunja mbwa wa jirani miguu ya mbele kwa sababu alibweka.

Msichana wa mkahawa alipokuja kuondoa glasi, shemeji alimshukuru kwa mikono miwili na kumsifia kahawa. Msichana akamgeukia dada. "Una bahati, dada. Waume wa siku hizi hawakorogi hata chai yao wenyewe."

"Ndiyo," dada akasema. "Nina bahati."

Nilidhani tutashuka na kupelekwa moja kwa moja kituo cha mabasi. Lakini Quyen aliuliza tulikuwa tumepanga kwenda wapi, na dada, ambaye tangu utotoni hajui kudanganya, akamwambia. "Basi twende," alisema. "Mke wangu amekuja mjini, lazima afurahi." Hapo ndipo hofu yangu ilipozidi. Mtu mwenye hasira unaweza kumkisia. Huyu alikuwa na furaha, na alikuwa na siku nzima.

Alitembea nyuma yetu sokoni, amebeba mkoba wa dada, mkono wake mwingine umetulia kisogoni pa dada kama unavyomshika mwana-mbuzi. Vichochoro vya vitambaa ni vyembamba. Majora ya hariri yalitugusa mabega pande zote mbili. Wauzaji walituita kwa mizaha: "Njooni warembo, mmekuja na hamali wenu!" Naye alicheka nao.

Alisimama kwa mshonaji mmoja mnene mwenye miwani shingoni, aliyejitambulisha kwa jina la Bi Suong. Quyen mwenyewe ndiye aliyechagua kitambaa, cha rangi ya zambarau. "Mshonee nguo yenye kola ndefu," alisema. "Kola ndefu humpendeza."

Bi Suong alifungua kifungo cha kwanza cha shati la dada ili apime shingo. Utepe wake wa kupimia ulisimama. Sikuona uso wake ukibadilika, nakumbuka tu kwamba alikifunga tena kile kifungo kwa adabu kubwa.

"Pazia," alisema. "Wanawake hawapimwi kiuno hadharani. Wewe bwana kaa hapo nje na miguu yako mirefu. Mdogo mtu aje anishikie utepe."

Quyen alitazama nyuma ya pazia, akaona ukuta mtupu, akaridhika. Tulipoingia, Bi Suong alianza kutaja vipimo kwa sauti kubwa, vipimo vya uongo, huku akinitolea simu yake kwenye aproni. Nilibonyeza namba ya mama vidole vikiteleza kwa jasho.

"Ut? Mbona unanong'ona, uko hekaluni?"

"Mama, Luc yuko wapi?"

"Juu ya paa. Anagonga tangu asubuhi utadhani anaunda meli. Wali wangu ameumaliza."

"Mama, hakuja kwa ajili ya paa. Quyen ametushika huku. Tukikataa, atampigia Luc."

Nilisikia nyundo upande wa pili, ko, ko, ko, taratibu.

"Dada yako ni mzima?"

"Mzima."

"Ngoja."

Nyumba ya mama imesimama juu ya nguzo, nusu nchi kavu, nusu juu ya mfereji. Nilisikia kandambili zake zikiburuta ubaoni, kisha mwanzi ukikwaruza ukuta, kisha kishindo kizito majini. Nyundo ikanyamaza. Sauti ya mwanamume ikaita kutoka juu: "Mama! Ngazi! Mama!"

"Imechukuliwa na maji," mama alisema, akihema. "Naenda kwa jirani. Mwambie Thoa asirudi kwa ajili yangu. Umesikia? Kwa ajili yangu, asirudi."

Dada alikuwa amebandika sikio lake kando ya langu. Macho aliyafumba. "Niwaite polisi?" Bi Suong aliuliza kwa midomo tu, na dada akatikisa kichwa. "Atawaambia mimi ni mkewe. Watatupatanisha." Kisha akanishika kifundo cha mkono. "Si hapa, Ut. Hapa ni vichochoro. Twende kula. Kule watu wamekaa."

Mkahawa wa banh xeo ulikuwa wazi upande wa barabarani, meza za bati, vigoda vya plastiki, familia zimebanana magoti kwa magoti. Mpishi mwanamke alikuwa na makarai sita mbele yake. Kila alipomwaga uji wa mchele, mafuta yalilia shaaa, na moshi ukatuingia machoni. Quyen aliagiza. Alichambua majani ya haradali, akafunga kipande cha chapati na kamba, akachovya kwenye mchuzi wa samaki, akakinyanyua hadi mdomoni mwa dada.

Dada akasimama.

Mara ya kwanza sauti haikutoka. Nilidhani ataketi tena, na nitakiri kwamba sehemu yangu moja ilitamani aketi.

"Naitwa Thoa," alisema. "Huyu ni mume wangu. Alinichoma kwa pasi. Amekuja kunichukua na mimi sitaki kwenda." Akafungua kola yake. "Nisipoonekana tena, mmeuona uso wake."

Makarai yaliendelea kulia. Hakuna aliyetafuna.

"Samahani jamani," Quyen alisema, bado anatabasamu. "Mke wangu ana homa. Inampanda kichwani."

"Homa haichomi pembe tatu," alisema mpishi, bila kuacha kumwaga uji wake.

Quyen akatoa simu yake, akapiga, na kwa sababu hakuna aliyekuwa akiongea, kila mtu alimsikia Luc akipiga kelele: "Kaka! Kikongwe ameniondolea ngazi! Mbwa wamejaa huku chini!"

Mtu akacheka. Mwingine akafuata, halafu meza nzima. Mimi sikucheka. Niliuona uso wa Quyen, na nilijua kwamba mtu kama yule humsamehe anayemtukana upesi kuliko anayemcheka. Mzee mmoja aliyekuwa anakula na wajukuu wake aliinuka, akabeba kigoda chake, akakiweka kati ya Quyen na dada, akaketi, akaendelea kula. Wengine wawili wakasogeza vyao.

Quyen alizitoa simu zetu mfukoni, akazizamisha zote mbili kwenye bakuli la mchuzi, taratibu, kama aliyekuwa akichovya chakula. Aliinama juu ya bega la yule mzee, akamnong'oneza dada jambo. Kisha akavaa helmeti yake na kuondoka.

Dada hajaniambia alichonong'onezwa. Miaka tisa imepita. Talaka ilitoka, mama alihamia kwetu, dada ana duka lake la vitambaa na anazungumza na wateja kwa sauti inayosikika hadi ng'ambo. Siku moja nilimuuliza. Aliendelea kukunja kitambaa kana kwamba sikusema neno.

Alasiri ile, baada ya Quyen kuondoka, mvua ilinyesha, nasi tukakaa hadi ikakatika na mpishi akaanza kuosha makarai. Ilibidi tuvuke barabara. Pikipiki zilikuja kama maji ya mafuriko, mamia kwa mamia, na kila mwendeshaji alikuwa amefunika kichwa kwa helmeti na uso kwa kitambaa, na kila mmoja wao angeweza kuwa Quyen. Kuvuka barabara zetu hakuna siri: usikimbie, usisimame, tembea kwa mwendo uleule mmoja, wao watakupita pembeni. Nilimshika dada mkono. Ulikuwa baridi, una harufu ya haradali.

"Haya," alisema, akashuka ukingoni kabla yangu.